Swali: Mwanga unaozidi mahitaji ya bakteria wa majaruba ya chumvi unakwenda wapi?

Mwalimu wa Biolojia (Bagamoyo)

Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Bagamoyo, na swali ninalolileta nimeulizwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu, nikamjibu jibu ambalo sasa naamini halikuwa sahihi.

Mwishoni mwa kiangazi niliwapeleka wanafunzi kwenye majaruba ya chumvi ya upande wa Nunge. Jaruba la mwanzo, yaani lile linalopokea maji ya bahari wakati wa bamvua kabla hayajasogezwa kwenye majaruba ya kukaushia, lilikuwa limebakiwa na maji yasiyopita kifundo cha mguu, na chini yake kulikuwa na utando mnene kama ngozi iliyolowekwa. Nilikata kipande kwa kisu cha jikoni nikakiweka juu ya sahani nyeupe ili kila mmoja akione. Unene wake haukuzidi upana wa kidole, lakini matabaka yalionekana wazi: juu kahawia inayoelekea manjano, chini yake kijani chenye ubuluu, kisha mstari mwembamba wa zambarau, na mwisho tope jeusi linalonuka kama yai viza.

Niliwaeleza kwamba tabaka la kijani ni sianobakteria, ambao hufanya usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga, kama mimea na kutoa oksijeni, na kwamba wale wa zambarau ni bakteria wa aina nyingine, wanaotumia mwanga pamoja na salfidi ya hidrojeni inayopanda kutoka kwenye tope, bila kutoa oksijeni. Hapo ndipo mwanafunzi aliponiuliza: ikiwa mwanga ndio riziki yao, mbona wengi wamejificha chini, na hawa wa juu je, wamekufa kwa jua? Nikasema kwamba tabaka la kahawia huenda ni seli zilizoungua. Jioni ile nililiweka kidogo chini ya hadubini ya shule, nikaona nyuzi za kijani zimekaa ndani ya vifuko vya rangi ya kahawia, na chache kati yake zilikuwa zinatambaa taratibu kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine. Kilichoungua hakitambai.

Vitabu tunavyofundishia vina mchoro unaojulikana na kila mwalimu: mwanga ukiongezeka, kasi ya usanisinuru huongezeka, halafu hufika kikomo na mstari hulala. Mchoro unaishia hapo. Sijaona kitabu cha darasani kinachosema kile kiasi cha mwanga kinachoendelea kuingia baada ya mstari kulala kinafanywa nini na kiumbe ambaye hana jani la kukunja wala kivuli cha kukimbilia. Naomba anayefahamu anieleze, na nitashukuru kama maelezo yatakuwa ya kina cha kutosha kumrudishia mwanafunzi yule.

Mkaazi wa Chumbageni (Tanga)

Mwalimu, salaam kutoka Tanga. Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali la mwanafunzi wako ni zuri kuliko mchoro wa kitabu. Nitajaribu kulijibu kwa kuanza na sababu inayoufanya mwanga kuwa hatari, maana bila hiyo kinga zenyewe hazieleweki.

Molekuli ya klorofili ikipokea mwanga huingia katika hali ya msisimko, na hali hiyo hudumu nanosekunde chache tu. Katika muda huo nishati inatakiwa ifike kwenye kituo cha mmenyuko, ambako elektroni husukumwa na kazi ya usanisinuru huanza. Jua la adhuhuri hapa pwani huleta fotoni, yaani chembe za mwanga, nyingi sana, karibu maikromoli 2000 kwa kila mita mraba kwa sekunde, ilhali sianobakteria wengi hutosheka na sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Vituo vikishajaa, nishati inayoendelea kuingia haina pa kwenda. Sehemu yake hutoka kama mng'ao mwekundu hafifu, sehemu hugeuka joto, na sehemu huibadili klorofili kuwa katika hali nyingine inayoitwa tripleti, ambayo hudumu muda mrefu zaidi. Klorofili ya tripleti ikikutana na oksijeni huipa nishati hiyo, na oksijeni iliyochochewa kwa namna hiyo hushambulia protini na mafuta ya utando wa seli yaliyo karibu nayo. Kwa hiyo hatari kubwa inatokana na mwanga na oksijeni vikikutana penye klorofili. Sianobakteria ana bahati mbaya ya kuitengeneza oksijeni yeye mwenyewe, hapo hapo mwanga unapoingia.

Sasa niingie kwenye kinga. Iliyonishangaza kuliko zote ni protini ndogo ya rangi ya chungwa, ambayo inabeba ndani yake molekuli moja tu ya karotenoidi, jamii ile ile ya rangi inayoipa karoti wekundu wake. Ilitengwa kwa mara ya kwanza na watafiti Holt na Krogmann mwaka 1981, lakini kwa robo karne hakuna aliyethibitisha kazi yake. Umbo lake lilichorwa mwaka 2003 na kundi la Cheryl Kerfeld, kwa kutumia protini iliyotoka kwa Arthrospira, yaani jamaa wa spirulina inayouzwa kama lishe, na mwaka 2006 Diana Kirilovsky na wenzake nchini Ufaransa wakaonyesha kwamba ndiyo inayowasha kinga ya sianobakteria dhidi ya mwanga mkali.

Namna inavyofanya kazi ni hii. Sianobakteria wengi hukusanya mwanga kwa mitambo mikubwa iliyobandikwa juu ya utando wa ndani, inayoitwa fikobilisomu, ambayo ndiyo inayowapa ule ubuluu ulioona kwenye sahani. Katika mwanga hafifu ile protini ya chungwa hukaa imejifunga na haijihusishi na chochote. Mwanga mkali wa buluu na kijani ukiipiga, sehemu zake mbili huachana, karotenoidi huteleza kwa takriban nanomita 1.2 kuingia katika sehemu moja, na protini nzima hugeuka kutoka rangi ya chungwa kuwa nyekundu. Kule kuteleza kulionyeshwa mwaka 2015. Ikiwa nyekundu, hujibandika kwenye kiini cha fikobilisomu, na nishati iliyokuwa njiani kwenda kwenye klorofili hunyonywa na kutupwa kama joto. Mwanga ukipungua, protini nyingine huja kuibandua na kuisaidia irudi kuwa ya chungwa.

Naomba uliangalie jambo moja hapa kwa makini, kwa sababu ndilo linalojibu kwa nini bakteria hajinyimi chakula asubuhi. Ile protini ni nzito mno kuamshwa: fotoni nyingi sana huipiga bila kuibadilisha, na ni chache tu zinazofanikiwa. Kwa mwanga wa alfajiri, zile chache zinazogeuka nyekundu hurudi kuwa chungwa kabla hazijawa nyingi. Mwanga ukiwa mkali, zinageuka kwa kasi kuliko zinavyorudi, na kinga inawaka. Uzito wake wa kuamka ndio kipimo chake cha ukali wa jua, na hakuna ubongo, jeni mpya wala amri yoyote inayohitajika ili iwake katika muda wa dakika chache. Mimea haina protini hii. Mimea hutumia mzunguko wake wa karotenoidi ndani ya majani, jambo ambalo sianobakteria hawana, na ndiyo maana tusiwafundishe wanafunzi kwamba wote wanajikinga kwa njia moja.

Zipo kinga nyingine nitakazozipitia kwa haraka. Ikiwa elektroni zimekuwa nyingi kuliko zinavyoweza kutumika kutengenezea sukari, protini zenye chuma huzipeleka kwenye oksijeni na kuigeuza moja kwa moja kuwa maji, bila kupitia hatua ya sumu. Mwanga mkali ukiendelea kwa saa na siku, seli hupunguza fikobilisomu zake, mfano wa mtu anayekunja turubai la kukingia mvua baada ya pipa kujaa.

Mwisho ni ukarabati. Katika kituo cha mmenyuko kinachopasua maji kuna protini iitwayo D1, ambayo huharibika hata kinga zote zikiwa zinafanya kazi. Seli haijaribu kuizuia isiharibike kabisa. Huing'oa iliyoharibika, huikatakata, na huweka mpya mahali pake, na katika mwanga mkali hilo hufanyika ndani ya muda usiofika saa moja. Mstari wa mchoro wako unapolala, mwalimu, ndani ya seli ndiko kazi inakopamba moto: nishati inatupwa, na mafundi wanabadilisha vipuri. Mstari huanza kushuka pale uharibifu unapokuwa na kasi kuliko ukarabati.

Binti Kaole (Bagamoyo)

Mwalimu, na wewe Mzee wa Chumbageni, shikamooni. Mimi si mtaalamu wa maabara, lakini nimekulia kwenye majaruba kwa sababu baba yangu alikuwa mvunaji wa chumvi, na baadaye nilisoma diploma inayohusu viumbe vya majini. Mzee ameeleza yanayotokea ndani ya seli, na sina la kuongeza hapo. Ninalotaka kuliongeza ni kuhusu ile rangi ya kahawia, na kuhusu kutambaa, ambavyo kwa maoni yangu ndivyo mwanafunzi alivyouliza hasa.

Vile vifuko vya kahawia ulivyoviona ni ala ambazo sianobakteria hujitengenezea kuzunguka nyuzi zao, na rangi yake inaitwa skitonemini. Ilielezwa na mtaalamu wa mimea Nägeli tangu mwaka 1849, ingawa kazi yake ilikuja kufahamika baadaye sana. Huzuia miale ya urujuanimno isifike ndani, hasa ile yenye mawimbi ya karibu nanomita 370, huku ikiruhusu sehemu kubwa ya mwanga unaofaa kwa usanisinuru kupita. Faida yake kubwa, nionavyo mimi, ni kwamba haihitaji seli iwe macho. Jaruba likikauka kabisa mwezi wa pili, kaskazi inapovuma na utando unapasuka vipande kama magome, seli haina maji wala nguvu ya kukarabati D1 wala kitu kingine. Ile ala iliyokwisha kutengenezwa inaendelea kumkinga mwenyewe akiwa amelala. Kwa hiyo tabaka la kahawia si majivu ya waliokufa. Ni wazima waliovaa.

Kuhusu kutambaa, niruhusuni nieleze jambo tulilokuwa tukilifanya utotoni bila kujua maana yake. Tulikuwa tukiokota kipande cha bati, tunakilaza juu ya utando wenye unyevu asubuhi, tunakwenda zetu kuokota kaa. Tukirudi baada ya adhuhuri na kukiinua, tunakuta picha ya bati imechorwa kwa kijani kilichokolea, na pembe zake zote zinaonekana, huku sehemu iliyoachwa juani ikiwa imepauka. Kaka yangu alikuwa akikata herufi za jina lake kwenye boksi na kuziacha hapo. Herufi hazikudumu; baada ya kuzifunua, jua lilizifuta taratibu mpaka zikapotea.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipofundishwa kwamba nyuzi zile huteleza zenyewe. Mwanga ukizidi hushuka milimita moja au mbili ndani ya utando, ambako walio juu yao wanawafanyia kivuli, na mwanga ukipungua hupanda tena. Milimita moja ni ndogo kwetu, lakini ndani ya utando ule ni tofauti ya adhuhuri na magharibi. Jambo hili haliwafai wale ambao ala zao zimeganda, na ndiyo maana utakuta wanaotambaa na wanaovaa wakiishi jaruba moja, kila mmoja na njia yake. Mwalimu, jaribio hilo halina gharama. Wapeleke wanafunzi na kipande cha bati.

Mtu wa Pangani

Mchango wangu ni mfupi na unahusu ule mstari wa zambarau, ambao naona mmeuruka. Wale bakteria hawakimbilii chini kwa kuogopa jua peke yake. Wanaifuata salfidi inayopanda kutoka kwenye tope, na mwanga unaowafaa zaidi ni ule usioonekana kwa macho yetu, wa nanomita 800 hadi 900 hivi, ambao hupenya tabaka la kijani bila kuliwa. Hawagombanii mwanga mmoja na walio juu yao.

Hata hivyo, ndio waliotupa ushahidi wa wazi wa mapema kuhusu jambo alilolisema Mzee, kwamba hatari ni mwanga pamoja na oksijeni. Mwaka 1955, huko California, Griffiths, Sistrom, Cohen-Bazire na Stanier walichukua bakteria wa zambarau aliyepoteza uwezo wa kutengeneza karotenoidi zenye rangi, akabaki na rangi ya kijani-buluu. Katika mwanga bila hewa aliishi vizuri kabisa. Katika hewa gizani aliishi pia. Walipompa mwanga na hewa kwa wakati mmoja, klorofili yake iliharibiwa na seli zikafa, huku ndugu zake wenye karotenoidi wakiendelea bila matatizo. Karotenoidi huichukua ile nishati ya tripleti kabla oksijeni haijaifikia, kisha huitoa kama joto. Tena wengi wa bakteria hawa wakihisi oksijeni huacha kutengeneza klorofili yao mpya kabisa. Hiyo nayo ni kinga, kwa kuwa asiye na kuni hawezi kuwaka moto.

Naomba pia tusichanganye. Maji mekundu mnayoyaona kwenye majaruba ya mwisho, karibu na kuganda kwa chumvi, ni habari nyingine. Wekundu ule unatokana zaidi na arkea wapenda chumvi, yaani viumbe wadogo wa seli moja ambao si bakteria, na mara nyingi mwani wa seli moja uitwao Dunaliella, ambao hurundika karotenoidi ndani ya seli zake. Mwani ule pia unajikinga na jua, lakini ni kiumbe mwenye kiini cha seli, na ukimweka katika somo la bakteria utawachanganya wanafunzi.

Mwalimu wa Biolojia (Bagamoyo)

Ndugu zangu, nimesoma yote mara mbili, na ya Mzee mara tatu. Juzi, Jumamosi, nilirudi jarubani na wanafunzi kumi na wawili. Tulilaza bati saa mbili asubuhi, na saa nane mchana tukaliinua. Picha ilikuwa hapo, Binti Kaole, pamoja na tundu la msumari lililokuwa kwenye bati: doa dogo lililopauka katikati ya kijani, dogo kama punje ya mtama. Yule mwanafunzi aliyeuliza swali alipiga magoti kwenye tope akaliangalia bila kusema neno, kisha akauliza kama nyuzi zilizokuwa chini ya tundu lile zilikimbia pembeni au zilishuka chini. Tulikata hapo kwa wembe. Chini ya lile doa lililopauka, kijani kilikuwepo, kimezama kiasi cha unene wa ukucha. Nimemweleza pia mbele ya wenzake kwamba jibu langu la mwanzo kuhusu seli zilizoungua lilikuwa na makosa.

Nina swali moja kwa Mzee. Tuna karatasi angavu za rangi, nyekundu na buluu, za somo la fizikia. Tukizitumia badala ya bati, je, ile protini ya chungwa itatenda tofauti chini ya kila moja?

Mkaazi wa Chumbageni (Tanga)

Marahaba kwa Binti Kaole, na hongera kwa yule mwanafunzi, maana tundu la msumari halikunijia kichwani.

Ndiyo, itatenda tofauti. Protini ile huamshwa na mwanga wa buluu na kijani, na haiamshwi na mwekundu. Chini ya karatasi nyekundu seli zinaweza kupata mwanga mwingi wa kufanyia kazi huku kinga hiyo moja ikiwa imelala. Lakini kuhama kwa nyuzi hakuongozwi na protini hiyo, kwa hiyo rangi ya utando haitakuonyesha moja kwa moja kama imewaka au haikuwaka. Kwa hilo wataalamu hupima ule mng'ao mwekundu wa seli, ambao hupungua kinga inapowaka. Pima kile mnachoweza kukiona: kateni kwa wembe chini ya kila karatasi saa ile ile, na mpime kina cha kijani kwa rula yenye milimita, angalau mahali patano kila karatasi, kwa sababu utando haulingani unene kila sehemu. Wekeni pia kioo kisicho na rangi cha kulinganishia, na hakikisheni karatasi hazigusi utando, zisije zikazuia hewa mkadhani ni kazi ya mwanga. Tena fanyeni kabla ya bamvua ijayo, maji yakiingia jarubani mtalazimika kusubiri utulie upya.